Ukame Hauzai Njaa Peke Yake: Sadaka, Haki na Chanzo cha Ufukara wa Kaskazini Mashariki ya Kenya

Katika taaluma ya maafa hutenganishwa mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa: kichocheo, yaani tukio linaloanzisha dhiki kwa wakati maalumu, na chanzo, yaani hali iliyojengeka kwa miaka mingi ambayo ndiyo inayolifanya tukio hilo liwaangamize watu fulani na kuwaacha wengine salama. Ukame ni kichocheo. Mvua za Gu, ambazo wafugaji wa Kisomali huzitarajia kati ya Machi na Mei, na zile za Deyr, za Oktoba hadi Desemba, zimekuwa zikikosekana mara kwa mara tangu enzi za mababu, na maisha yote ya mfugaji yamepangwa kwa kujua kwamba zitakosekana tena. Lakini foleni ya unga wa msaada mbele ya ofisi ya chifu ni jambo lenye umri wa vizazi vichache tu, na jambo jipya haliwezi kuelezwa kwa sababu ya zamani peke yake. Mhadhara huu unadai kwamba njaa inayoikumba Griftu, na kaunti za Wajir, Garissa na Mandera kwa jumla, ilitengenezwa na maamuzi ya watu, mengi yakiwa yameandikwa katika sheria na mipango rasmi, na kwamba sadaka, hata ikitolewa kwa wingi na kwa moyo safi, haina uwezo wa kuyafuta maamuzi hayo, na mara nyingine huyafunika yasionekane.

Griftu ni mji mdogo ulio magharibi ya Wajir mjini, makao ya eneo la Wajir Magharibi, wenye kituo cha kuwafunza wafugaji, na maisha ya wakazi wake yanasimama juu ya ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wageni wengi waliomwona mfugaji akihama walimdhania kuwa mtu asiye na maskani, ilhali kuhama kwake ni hesabu inayomtaka ajue ni wapi mvua imenyesha, majani ya aina gani yameota hapo, kisima kipi kina maji na ni ukoo gani wa kuombwa ruhusa. Ngamia anaweza kukaa siku nyingi bila kunywa na hula majani ya miti yasiyofikiwa na mbuzi, wakati ng'ombe hawezi kupelekwa mbali na kisima. Kwa hiyo familia huigawa mifugo yake, ikawapeleka ngamia wasiokamwa mbali na kuwaacha wenye maziwa karibu na watoto na wazee, ili jilaal, yaani kiangazi kikali cha Januari hadi Machi, kisiwakute wote mahali pamoja. Pale ambapo hesabu ilishindwa na mtu akapoteza mifugo, jamaa walimsimamisha tena: Waborana wana utaratibu uitwao busa gonofa, ambao kwa huo watu wa ukoo humchangia aliyefilisika wanyama wa kuanzia upya, na Wasomali nao wana desturi ya kumwazima asiye na maziwa mnyama anayekamwa hadi mambo yake yatengemae. Mpango huu wote ulitegemea uhuru wa kutembea na uhuru wa kuuza na kununua, na ni uhuru huo hasa uliovunjwa.

Kuvunjwa kwake kuna tarehe. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Wilaya za Pembezoni, iliyompa mtawala uwezo wa kuifunga wilaya na kumzuia mtu kuingia bila kibali. Mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambamo Wajir ilikuwamo, ikatangazwa rasmi kuwa eneo lililofungwa. Na mwaka 1934 ikaja Sheria ya Utawala wa Wilaya Maalumu, iliyoruhusu kabila zima liadhibiwe kwa kosa la mmoja wao. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 mistari ilichorwa ya kutenganisha malisho ya Wasomali na ya Waborana, na koo zikapangiwa visima vyake, kana kwamba mvua nayo ingeheshimu mipaka iliyochorwa na bwana wilaya. Ikaongezwa karantini, yaani amri ya kuwazuia wanyama wasitoke eneo moja kwenda jingine kwa hofu ya magonjwa, na kwa kuwa karantini hiyo ilikuwa ikizuia ng'ombe wa kaskazini wasishuke kusini walikokuwa walowezi, soko kubwa la nchi lilifungwa mbele ya mfugaji kwa kisingizio cha afya ya mifugo ya mtu mwingine. Hofu ya magonjwa ilikuwa ya kweli kwa sehemu, na haifai kuikana; lakini zuio lililodumu kwa miongo, bila juhudi ya dhati ya kuwachanja wanyama wa upande uliozuiwa, lilikuwa limeshageuka kuwa sera ya biashara.

Uhuru wa mwaka 1963 haukuufungua mlango huo. Tume iliyotumwa mwaka 1962 kuuliza maoni ya wakazi wa wilaya hiyo ilikuta kwamba wengi wao walitaka kuungana na Somalia, matakwa yao yakawekwa kando, vita vilivyoitwa vya shifta vikazuka, na mwezi Desemba 1963 hali ya hatari ikatangazwa, hali inayoiruhusu serikali kusimamisha haki za kawaida za raia. Vita hivyo vilikwisha kwa mapatano ya Arusha mwezi Oktoba 1967, lakini mamlaka ya hali ya hatari yalibaki hadi 1991, maana yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa Griftu mwaka wa uhuru alifikisha miaka 28 kabla ya kuonja sheria sawa na mwenzake wa Nyeri au Kisumu. Katikati ya vita, wafugaji walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa na askari, na wanyama wao, waliozoea kutawanywa, wakafa kwa kubanwa mahali pamoja au wakachukuliwa. Hapo ndipo penye kiungo kinachosahauliwa mara nyingi katika habari za misaada: mtu aliyetolewa malishoni kwa bunduki na kuwekwa kijijini bila mifugo ndiye aliyekuja kuitwa mhitaji, na kijiji kile cha ulinzi kikawa kituo cha kugawia posho. Bunge likamaliza kazi mwaka 1970 kwa kupitisha Sheria ya Kinga, iliyowazuia waathirika kuwashtaki watumishi wa serikali kwa yaliyotendwa kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967.

Pamoja na bunduki kulikuwa na kalamu, na huenda kalamu ndiyo iliyodhuru kwa muda mrefu zaidi. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliokuwa dira ya uchumi wa Kenya kwa jina la Ujamaa wa Kiafrika, uliamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo ambako zingezaa haraka zaidi, yaani maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na barabara ambazo tayari zilikuwapo. Kwa mhasibu, hoja hiyo haina kasoro. Kwa nchi, ilimaanisha kwamba eneo lililonyimwa barabara na mkoloni litaendelea kunyimwa kwa sababu halina barabara, na kwamba ng'ombe na ngamia wa kaskazini, ambao wamewalisha Wakenya wa mijini kwa miaka yote hiyo, hawatahesabiwa kuwa utajiri. Ikiwa kuna waraka mmoja ambao kila mtoaji wa msaada anapaswa kuusoma kabla ya kupakia gunia la kwanza, ni huo.

Mauaji ya Wagalla yanastahili kutajwa hapa, kwa kuwa ufukara na hofu havitenganishiki. Tarehe 10 Februari 1984, katika operesheni ya kusaka silaha, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa kutoka sehemu mbalimbali za Wajir na kuzuiliwa kwa siku kadhaa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ikaona kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa mno kuliko hiyo, huenda ikakaribia elfu moja. Mwaka huohuo wa 1984 ulikuwa wa ukame mkali nchini. Familia iliyompoteza baba Februari ikakosa mvua miezi michache baadaye haikufikwa na njaa kwa sababu ya mawingu, na mtu anayeipelekea mahindi bila kuuliza alikokwenda baba atakuwa ameshiba thawabu huku swali lenyewe likibaki palepale.

Mwanauchumi wa Kihindi Amartya Sen, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu umaskini na njaa kuu, alionyesha kwamba watu hufa njaa hata pale chakula kipo sokoni, kwa sababu wamepoteza njia ya kukipata, iwe ni ujira, ardhi au bei ya kile wanachouza. Miongoni mwa mifano yake walikuwamo wafugaji wa Ethiopia katika njaa ya miaka ya 1972 hadi 1974, ambao walipokonywa malisho ya kando ya Mto Awash kwa ajili ya mashamba makubwa ya biashara, na ambao bei ya mifugo yao ilianguka wakati uleule bei ya nafaka ilipopanda. Mfugaji wa Wajir anaijua hesabu hiyo bila kitabu: mbuzi ambaye mwaka wa neema angemletea magunia ya mahindi, katika kilele cha ukame hamletei hata madebe machache, kwa kuwa wote wanauza siku moja, mnyama amekonda, na lori la kumfikisha Garissa au Nairobi halipatikani au linatoza nauli inayomeza faida yote. Mbuzi na mahindi vyote vipo, na kati yao imekosekana barabara, machinjio, mikopo, huduma ya mifugo na habari za bei za kuaminika, vitu ambavyo hakuna hata kimoja kinacholetwa na mvua.

Msaada unaokuja juu ya hali kama hiyo hauji mahali patupu, huja na nguvu zake za kuumba. Boza la maji, yaani lori la kusambaza maji, linaposimama kila juma katika makazi mapya ya kando ya barabara, familia huyafuata maji na makazi hukua mahali ambapo zamani paliachwa makusudi kuwa malisho ya akiba ya jilaal. Malisho hayo yakishakanyagwa, ukame unaofuata unakuwa mkali zaidi kwa wanyama hata mvua zikipungua kidogo tu, na boza linahitajika tena. Lambo lililochimbwa vizuri, pamoja na makubaliano ya nani atakunywesha wapi na lini, lingegharimu zaidi mwanzoni, na makubaliano hayo ndiyo magumu, kwa kuwa yanawataka wazee wa koo waketi wakubaliane, kazi isiyopigwa picha. Maboza, kwa upande wake, yana zabuni, zabuni zina wenyewe, na katika kila ukame hujitokeza watu ambao maisha yao yamekuja kutegemea kuendelea kwa dhiki ya wengine. Jambo hili linasemwa waziwazi katika baraza za Wajir, na linastahili kusemwa waziwazi katika maandishi pia.

Hata hivyo, hakuna mfano unaoonyesha hatari ya msaada usiogusa chanzo kwa uchungu mkubwa kuliko ule wa Dadaab. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, katika Kaunti ya Garissa, zilifunguliwa kuanzia mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi wa vita vya Somalia, na ndani yake mlikuwa na vitu ambavyo vijiji vya Wakenya vilivyozizunguka havikuwa navyo: posho ya kila mwezi, hospitali, shule na maji ya bomba. Wazazi wa Garissa na Wajir waliofilisika katika miaka ya ukame walifanya ambalo mzazi yeyote angelifanya, wakajiandikisha pamoja na watoto wao kuwa wakimbizi ili wapate kadi ya chakula. Alama zao za vidole zikaingia katika orodha ya wakimbizi. Miaka ilipita, watoto wakakua, na walipofika umri wa miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho cha taifa waliambiwa na mtambo kwamba wao si Wakenya.

Maelfu mengi ya vijana walijikuta katika hali hiyo, inayoitwa usajili maradufu, yaani jina la mtu mmoja kuwamo katika daftari la raia kwa haki ya kuzaliwa na katika daftari la wakimbizi kwa njaa ya wazazi. Mtu asiye na kitambulisho nchini Kenya hawezi kusajili laini ya simu wala kutumia M-Pesa kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti ya benki, kuajiriwa, kupiga kura, au kukivuka kizuizi cha polisi kwenye barabara ya kutoka Garissa bila wasiwasi, na msichana aliyefaulu mtihani hukosa mkopo wa chuo kikuu. Kwa hiyo gunia la mahindi la mwaka mmoja lililipiwa kwa uraia wa maisha. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo: shirika liligawa chakula kwa nia njema, mzazi alimlisha mwanawe, afisa wa usajili alifuata kanuni, na jumla ya nia hizo njema ikawa kizazi kisicho na nchi. Kosa lilikuwa mahali pengine, katika uamuzi wa kale wa kutojenga shule na zahanati nje ya ua wa kambi, na katika desturi ya kumhoji Mkenya mwenye asili ya Kisomali kwa namna asiyohojiwa Mkenya mwingine, desturi iliyofikia kilele mwaka 1989 pale Wasomali wa Kenya walipolazimishwa kupita mbele ya kamati za uhakiki na kubeba kadi za rangi ya waridi juu ya vitambulisho vyao.

Uponyaji wa kidonda hicho haukuletwa na chakula zaidi. Ulianza pale wanasheria na wasaidizi wa kisheria, miongoni mwao wale wa shirika la Haki na Sheria la Garissa, walipoketi na vijana hao mmoja mmoja, wakakusanya vyeti vya kuzaliwa na ushahidi wa wazee, wakafuatilia ofisini na mahakamani. Na mwezi Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia saini tangazo la kuondoa uhakiki maalumu wa waombaji wa vitambulisho katika kaunti za mpakani. Utekelezaji wa tangazo ni kazi nyingine, na watu wa Wajir wameshasikia matangazo mengi. Lakini kuna tofauti ya maana kati ya kumpa mtu posho na kumrudishia daftari lake, kwa kuwa wa kwanza atarudi mwezi ujao na wa pili anaweza kwenda kujitafutia bila kumwomba mtu.

Watetezi wa sadaka wana jibu lao, na ni jibu zito. Wanasema kwamba mtoto mwenye utapiamlo katika zahanati ya Griftu hawezi kungoja Waraka wa 1965 ufutwe, na kwamba anayefanya falsafa mbele ya mwenye njaa amekosa utu. Wanasema kweli. Kati ya Oktoba 2020 na Desemba 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, jambo ambalo wataalamu wa hali ya hewa wanalihusisha kwa sehemu na kuongezeka kwa joto la dunia kunakosababishwa zaidi na nchi za mbali, na bila chakula cha msaada na maji ya maboza watu wengi zaidi wangekufa. Mhadhara huu hausemi mkono wa kutoa ukunjwe. Unasema kwamba msaada wa dharura ni deni la siku moja, na kwamba anayelilipa siku hiyo hajamaliza kudaiwa, kwa sababu Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeitambua haki ya kila mtu ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Na haki, tofauti na hisani, ina mdaiwa mwenye jina anayeweza kufikishwa mahakamani.

Dini ya wakazi wa Griftu iliitambua tofauti hiyo zamani. Uislamu unatenganisha sadaka, ambayo mtu huitoa kwa hiari yake, na zaka, ambayo ni fungu la lazima lenye vipimo: mwenye ngamia watano ana wajibu wa kutoa kondoo au mbuzi mmoja, na mwenye mbuzi au kondoo 40 anatoa mmoja. Zaka inahesabiwa kuwa haki ya fukara iliyomo ndani ya mali ya tajiri, na kwa maana hiyo anayeitoa anarudisha kisicho chake. Katika Hadithi zilizokusanywa na Abu Daud imesimuliwa habari ya mtu wa Madina aliyekuja kuomba, na Mtume akaagiza vitu viwili alivyokuwa navyo nyumbani, nguo na bakuli, viletwe na vinadiwe, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Dirhamu moja ikanunulia familia chakula na nyingine ikanunua shoka, naye akatumwa kukata kuni na kuuza. Wahubiri wengi huisimulia habari hii ili kuwasuta waombaji, na hapo wanaipunguza. Yule mtu alipewa mnada wa haki mbele ya watu, chombo cha kazi, na palikuwa na soko ambalo kuni zake zilinunuliwa bila kizuizi. Na chakula cha siku ile hakikusahauliwa, kilinunuliwa kwanza.

Wajir yenyewe imewahi kumwona mtu wa hisani aliyeuliza swali la chanzo, na maisha yake yanaonyesha gharama ya kuuliza. Annalena Tonelli, mwanasheria wa Kiitaliano aliyefika Kenya akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wafugaji wa Wajir wakiteketea kwa kifua kikuu, na akakuta pia maelezo yaliyokuwa tayari, kwamba wafugaji hawafai kutibiwa kwa kuwa huacha dawa na kuondoka. Aliligeuza swali. Badala ya kuuliza mfugaji ana ila gani, aliuliza tiba ina ila gani, na akaona kwamba matibabu ya mwaka mzima na zaidi yalikuwa yamebuniwa kwa ajili ya mtu anayekaa mahali pamoja. Kuanzia mwaka 1976, katika manyata iliyojengwa Wajir kwa vibanda vinavyofanana na vya wafugaji wenyewe, wagonjwa walikaa na jamaa zao kwa muda mfupi zaidi, wakimeza dawa mbele ya macho ya mhudumu hadi wapone. Njia hiyo ya kumsimamia mgonjwa ameze dawa ndiyo iliyokuja kuenezwa duniani na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990. Mantiki ileile iliiongoza Huduma ya Maktaba ya Taifa ilipoanzisha Garissa, mwaka 1996, maktaba inayobebwa na ngamia: huduma ndiyo iliyofundishwa kutembea. Lakini Tonelli alipowahudumia majeruhi wa Wagalla na kusaidia habari za mauaji zivuke mipaka, hakuvumiliwa tena, akalazimika kuondoka Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, mwezi Oktoba 2003. Aliyetibu alistahimiliwa kwa miaka. Aliyeuliza nani amewapiga risasi hakustahimiliwa.

Wanawake wa Wajir nao walilijua jambo hilo kwa njia yao. Mapigano ya koo yaliyoanza mwaka 1992, wakati wa ukame na silaha zilizomiminika kutoka Somalia, yalifika hadi sokoni, ambako mwanamke wa ukoo mmoja hakuweza tena kununua au kuuza kwa wa ukoo mwingine. Kundi la wanawake, akiwamo mwalimu Dekha Ibrahim Abdi, lilianza na soko hilo, likihakikisha kwamba kila mmoja anauza na kununua bila kuulizwa ukoo wake, kisha likawafuata wazee, vijana wenye bunduki na maofisa wa serikali; azimio la amani la Al Fatah la mwaka 1993 likafuatwa na kuundwa kwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir mwaka 1995. Neno maendeleo halikuwekwa katika jina hilo kama pambo, kwa maana wanawake hao walikuwa wametambua kwamba kijana aliyepoteza mifugo na asiye na kazi atarudia bunduki hata akisali swala ya maridhiano mara mia, na kwa hiyo mazungumzo ya amani yakaunganishwa na maji, shule, huduma ya mifugo na namna serikali inavyoshughulikia ukame. Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011, na kazi yake inasomwa leo na wapatanishi wa nchi nyingi, ingawa shule za Kenya zenyewe hazijamfundisha inavyostahili.

Serikali nayo, kwa kuchelewa, imeanza kusogea. Wizara ya Maendeleo ya Kaskazini ya Kenya iliundwa mwaka 2008 chini ya Mohamed Elmi, wakati huo mbunge wa Wajir Mashariki; Wajir ikawa miongoni mwa kaunti nne, pamoja na Turkana, Marsabit na Mandera, zilizoingizwa katika mpango wa kuzipa familia fukara fedha taslimu badala ya magunia, na bima ya mifugo, inayotumia picha za setilaiti kupima ukijani wa malisho, ikafika Wajir mwaka 2013 kwa mfumo wa takaful unaokubaliana na sheria ya Kiislamu. Hatua hizi ni bora kuliko gunia, kwa kuwa zinamwachia mwenye dhiki uamuzi wa kununua unga, dawa ya ngamia au karo. Hazigusi bei ya mbuzi Garissa, wala hazimrudishi mwalimu aliyeondoka. Baada ya mashambulizi ya kundi la al-Shabaab, likiwamo lile la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015 lililoua watu 148, na baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, Januari 2020, walimu waliotoka kaunti nyingine walihamishwa kwa wingi, na watoto wa Wajir wakabaki na madarasa yasiyo na wa kuwafundisha. Chanzo cha pengo hilo kinatangulia ugaidi: eneo lililonyimwa shule za sekondari kwa miongo halikuweza kuzalisha walimu wake lenyewe.

Chombo chenye uzito zaidi ni Mfuko wa Usawazishaji, ulioundwa na kifungu cha 204 cha Katiba, unaotenga nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma, kwa muda wa miaka 20. Miaka mingi ya mwanzo ilipotelea katika mabishano kati ya serikali kuu na kaunti juu ya nani aushike, hadi suala likafika mahakamani, na muda uliowekwa unaisha mwaka 2030 Bunge lisipouongeza. Huo ndio mjadala ambao misikiti, mashirika na wafanyabiashara wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, wanaoichangia Griftu katika kila ukame wangeweza kuuingiza katika kampeni zao za uchangishaji, wakidai hesabu ya nusu asilimia hiyo kwa sauti ileile wanayoombea mahindi.

Kamati ya zaka ya mji kama Griftu ina uwezo wa kuanza bila kungoja Nairobi. Fungu lake linaweza kununua ngamia jike anayekamwa kwa ajili ya mjane aliyefilisika, kama desturi ya wazee ilivyoelekeza, na fungu jingine linaweza kumlipia kijana aliye katika usajili maradufu nauli ya kufika Garissa, ada ya kiapo, na kazi ya msaidizi wa kisheria atakayelisimamia faili lake hadi kitambulisho kitoke. Na kwa kuwa zaka huhesabiwa kila mwaka, kamati hiyo inaweza kuandika majina ya waliopewa na kutazama, mwaka ukizunguka, ni wangapi kati yao wametoka katika daftari la wapokeaji na kuingia katika lile la watoaji.